Kadibodi Ndani ya Pete

Taa za mashine ya gololi zilizimika zote kwa mpigo, na gololi ya chuma ikateremka katikati ya vikono viwili vilivyokufa ganzi, ikatumbukia shimoni. Ilikuwa mara ya kumi na moja asubuhi hiyo. Fundi wa redio alikipiga kiti teke, kisha akaona haya, maana mama yake aliketi hatua tatu tu kutoka hapo, macho yake yasiyoona yameelekea dirishani.

"Bado?" mama akauliza.

"Bado, mama."

"Kweli mganga hajigangi."

Saa sita wapagazi wangefika. Baba yake, kinyozi, alikuwa amefariki, saluni yake ilikuwa inafungwa, na kaka yake mkubwa alishamwahidi rafiki yake mkusanya vitu vya kale ile mashine ya gololi. Mama hakupinga. Aliomba jambo moja tu: aisikie tena kengele kubwa. Miaka yote aliyokunja taulo mle saluni aliufuata mchezo kwa masikio. Kengele nyembamba ilihesabu makumi, ya kati mamia, na ile kubwa ililia mchezaji akifikisha elfu.

Siku mbili fundi alikuwa amezama tumboni mwa mashine. Haikuwa na kompyuta hata chembe. Ilikuwa na nyaya zilizofungwa kwa uzi wa nta, sumaku zenye kunguruma, magurudumu ya namba yanayopiga hatua mojamoja, na ndimi za shaba zinazogusana ili umeme upite. Alizisugua ndimi zote. Alibadilisha fyuzi, akatoa vumbi, nywele za wateja, na kijikadibodi kilichochakaa ndani ya pete ya timazi. Kila kitu kikang'aa. Tangu hapo hakuna mchezo uliofika mia nne.

Mkorofi alikuwa timazi, hilo alilijua. Kipande kile cha chuma huning'inia katikati ya pete. Mchezaji akiitikisa mashine kwa pupa, kinaigusa pete na mchezo unakufa. Akicheza kwa upole, gololi ilijiendea shimoni. Akitikisa, giza. Alilipandisha timazi, akalishusha, wapi! Utotoni aliisukuma mashine hii kwa nyonga na viganja ikamtii, na wateja wenye povu mashavuni wakasema binti wa kinyozi ana mikono ya dhahabu. Sifa hiyo ndiyo iliyompeleka kwenye ufundi. Sasa mikono ileile ilimwaibisha mbele ya mama yake.

"Umetoa nini mle ndani?" mama akauliza.

"Takataka tu. Vumbi, nywele, kikaratasi kwenye pete."

Mama akainua kichwa. "Kadibodi ya boksi la wembe?"

Fundi akageuka.

"Baba yako aliichomeka kila ulipokaribia kutoka shule. Ukiondoka, anaitoa. Alisema, mtoto huyu ana hasira, mashine ikimzimikia kila siku ataichukia."

"Wateja walijua?"

"Wote. Kaka yako alinuna mwaka mzima."

"Mbona nimeikuta mle?"

"Ulipohama hakuitoa tena. Alisema huenda ukapita."

Fundi alitaka kumlaumu mtu, lakini wa kulaumiwa hakuwapo. Aliinama kwenye pipa la taka, akapekua nywele na vumbi mpaka akakipata. Alikipuliza, akakikunja ndani ya pete kama kilivyokuwa, chuma kisiweze kuigusa, akafunga kioo. Nje lori lilipiga honi. Kaka akatokea mlangoni na wapagazi wawili wenye kamba.

"Haya, muda umekwisha," kaka akasema.

"Subirini." Alimshika mama mikono, akaiweka juu ya vitufe viwili vya kuinua vikono. "Cheza wewe."

"Mimi sijawahi."

"Najua, mama."

Mama aliivuta fimbo ya springi, akaiachia. Gololi ikapanda, ikagonga, ikarudi kwa kasi. Aliisikia ikielekea shimoni, na yule bibi mdogo wa umbo akaipiga mashine kwa nyonga hata kioo kikatikisika. Kaka akafumba macho.

Taa zilibaki zinawaka. Kengele nyembamba ililia, kisha ya kati, tena na tena. Wapagazi walisimama na kamba zao mlangoni, na fundi, nyuma ya mama yake, akahesabu naye kwa sauti ya chini: mia saba, mia nane, mia tisa.