Jina la Mbaluka Ukutani

"Mama Mwelu, kwani bwana yako alikuachia nini hasa?" Jirani yangu Wacuka aliniuliza hivyo baada ya matanga, tukianika nguo hapa Buruburu. Mbaluka alichonga vinyago miaka thelathini na vyote vilienda na watalii. Nyumbani hakikubaki hata kimoja.

Kwa hiyo Clare wa jumba la sanaa aliponipigia simu, nilipiga magoti kwanza kumshukuru Mungu. Alisema wanapanga vyumba upya ili watu wa Eastlands waje kuona kazi za wazee wao, na wamepata kinyago chenye nambari ya Mbaluka chini yake. Kule karakanani, kwenye chama chao cha wachongaji, kila mchongaji alikuwa na nambari yake. Nije nithibitishe tu.

Jumba lile ni kubwa, limetulia kama kanisa siku isiyo ya ibada. Nilisikia viatu vyangu mwenyewe. Clare akanifikisha kwenye kinyago: mwanamke amepiga magoti, anapepeta mtama. Ukutani walishabandika jina, Mbaluka Nzomo. Nikalisoma mara mbili. Kaburini ana msalaba wa mbao, na mvua ilishafuta maandishi.

Akanivalisha glavu, nikakishika, nikakigeuza. Mimi ndiye niliyekuwa nikipiga msasa kazi za Mbaluka, nimeketi chini kutwa nzima. Sehemu pekee ambayo sikuigusa ni mikunjo ya leso mgongoni. Hiyo huachwa na alama za patasi. Alama za Mbaluka nazijua. Hizi zililalia upande mwingine kabisa. Ulikuwa mkono wa kushoto, mkono wa Ndolo, rafiki yake ambaye hakuwa mwanachama, akawa anapitisha kazi zake kwa nambari ya Mbaluka. Naye Ndolo amekwisha kufa.

Hakuna ambaye angejua. Clare alikuwa amenishikia karatasi nitie sahihi. Nilisimama pale naomba moyoni, na ruhusa sikuipata.

"Hiki si cha mzee wangu," nikamwambia. "Ni cha Ndolo Maingi. Andika Ndolo."

Akaiweka ile karatasi mezani. "Una hakika, mama? Maana cha mzee hatuna kingine."

"Andika Ndolo, mwanangu."

Akaanza kulibandua lile jina kwa ukucha, polepole, lisichanike. Nikavua glavu, nikaziweka juu ya karatasi yake, nikachukua mkoba wangu nikatoka.