Mwenye Mzigo Ajitokeze

Mteja alikaa juu ya benchi ambalo halijapigwa msasa, suruali yake ikikusanya vumbi la mbao, akaeleza namna anavyotaka masanduku yake. Mawili, ya mbao nyepesi, marefu kama kitanda cha mtoto. Ya kusafirishia vigae, alisema, na tangu hapo karakana nzima ikamwita Bwana Vigae. Sakafu za ndani ziwe mbili, moja juu ya nyingine. Na pembeni, chini kabisa, yatobolewe matundu, halafu mbele ya matundu upigiliwe ubao mwembamba utakaoacha upenyo, mpita njia asiyaone.

"Matundu ya nini?" Randa akauliza.

Hilo si jina alilozaliwa nalo. Alipewa na baba yake mdogo, mwenye karakana, jina la kifaa cha kulainishia mbao, kwa sababu tangu alipomaliza darasa la saba na kuja kujifunza kazi, hakuna aliyewahi kumwona akiukimbiza ubao. Huupitia taratibu, akainama, akauangalia kwa jicho moja, akaupitia tena.

"Ya hewa," Bwana Vigae akajibu.

"Kwani vigae siku hizi vinapumua?"

Mama Chai, anayeuza chai ng'ambo ya barabara na ambaye alikuwa amekuja kukusanya vikombe vyake, alicheka mpaka birika likamtikisika mkononi. Baba Mdogo hakucheka. Alimkanyaga Randa mguu chini ya meza. Mashine yake ya kupasulia mbao ilikuwa imeungua mota, wateja wanakuja mmoja mmoja kama meno ya kikongwe, na huyu alikuwa ameahidi kazi ya kila mwezi. Mfa maji haachi kutapatapa.

"Tutatoboa, bosi," akasema.

Randa akatoboa. Keekee iliingia na kutoka, tundu baada ya tundu, na kila tundu lilimwachia swali.

Masanduku yalipokamilika, Bwana Vigae alikuja na pikapu nyeupe, akairudisha kinyumenyume mpaka mlango wa stoo. Magunia aliyashusha mwenyewe, kazi ambayo watu wenye funguo nyingi kiunoni huwa hawaifanyi. Akajifungia nayo ndani. Alipotoka, shati limemganda mgongoni.

"Haya, binti, kapigilie vifuniko. Usichungulie, kuna dawa kali mle."

Randa hakuchungulia. Aliweka tu kiganja juu ya mbao, kama afanyavyo siku zote kabla ya kugonga msumari, aone kama kifuniko kimekaa. Kitu kikakwaruza kutoka chini, kikaacha, kikakwaruza tena.

Akaondoa kifuniko, akainua na sakafu ya juu.

Kobe. Wamepangwa kama sahani kabatini, mmoja juu ya mwenzake, kila mmoja kazungushiwa selotepu mpaka miguu ikabanwa ndani ya gamba. Wadogo wa kutosha kiganjani, na wazee ambao magamba yao yalikuwa yamesuguliwa na miaka mingi kuliko umri wake yeye. Mmoja shingo ilibaki nje, na selotepu imempitia juu ya jicho.

"Baba Mdogo," akaita. "Njoo uone vigae vyako."

Baba Mdogo akaja, akatazama, halafu akatazama mlango.

"Funika."

"Umeona lakini?"

"Sijaona kitu, na wewe hujaona. Sisi ni mafundi, mwanangu. Umewahi kutengeneza kabati ukamwuliza mtu ataweka nguo gani?"

"Kabati halijawahi kunikwaruza."

"Ni kobe tu, si tembo. Huko porini wamejaa."

"Hata tembo walisemwa hivyohivyo. Wewe kila siku unalalamika mbao nzuri haziji, pori limebaki na upara kama kichwa chako. Sasa nani atapanda tena? Kobe anakula tunda hapa, anaenda kunya mbegu kule. Huo msumeno wako umewahi kunya mti hata mmoja?"

Mdomo wa Baba Mdogo ulitaka kucheka, akauzuia.

"Randa, mota imeungua. Mama yako mdogo ananitazama kila jioni kama mimi ndiye niliyeiunguza. Huyu mtu akiondoka, naifunga hii karakana. Halafu sikukusikia ukinung'unika tulipopigilia majeneza."

"Jeneza ni la aliyekwisha kufa."

"Pigilia."

"Sipigilii."

Alilisema kwa sauti ileile anayoombea chumvi mezani. Baba Mdogo alikuwa amemlea tangu kaka yake, baba wa Randa, alipofariki, na hajawahi kulisikia neno hilo kutoka kwake. Akachukua nyundo mwenyewe, akatia msumari katikati ya midomo kama mafundi wote. Alipogeuka, Randa alikuwa ameshashika kamba ya sanduku, analiburuta juu ya maranda, akapita nalo kwenye vitanda na milango ya kuuza, akatokea barabarani.

Bwana Vigae alikuwa anaongea na simu kando ya pikapu, ambayo alikwisha kuisogeza barabarani. Aliacha kuongea, simu ikabaki sikioni.

Randa akasimama pembeni ya sanduku lililo wazi. Hakupiga kelele. Fundi viatu wa jirani ndiye aliyesogea kwanza, sindano ingali mkononi. Wakafuata wanafunzi waliokuwa wanatoka shule, kisha akina mama wenye vikapu. Mama Chai akaliacha birika jikoni.

"Mwenye mzigo ajitokeze," Randa akasema. "Sanduku liko tayari."

Bwana Vigae akaishusha simu.

"Binti," Bwana Vigae akasema, meno yamebana, "rudisha hicho kitu ndani."

"Kwani ni chako?"

Bwana Vigae akautazama umati.

"Nauliza tu, kaka. Kama ni chako sema, nitakupakilia mwenyewe, na watu hawa watanisaidia kunyanyua."

"Mimi nilileta vigae."

"Basi vigae vyako vimejikojolea," Mama Chai akasema, na watu wakaangua kicheko. Fundi viatu yeye hakucheka. "Wanasema kobe akiinama anatunga sheria," akasema. "Huyu hata kuinama kanyimwa." Mama Chai akatoa simu kifuani, akaanza kuulizia namba ya askari wa wanyamapori, kwa sauti ya kusikika.

Hapo Bwana Vigae akapata ujanja. "Sanduku ni la huyu mzee," akasema, akimnyooshea kidole Baba Mdogo aliyesimama mlangoni. "Limetoka kwake. Mwulizeni yeye."

Watu wote wakageuka. Randa naye akageuka.

Baba Mdogo akautoa msumari mdomoni.

"Sanduku ni langu," akasema. "Sakafu mbili nimezipiga mimi. Matundu ni yangu, na nilijua kabisa vigae havihitaji hewa. Lakini kobe ni wako, bwana mdogo. Na wengine wako stoo, ngoja nikuletee."

Akaingia ndani. Alipotoka na sanduku la pili, pikapu ilikuwa imeshawashwa, inaondoka. Wanafunzi wakaisoma namba yake kwa pamoja, kwa sauti, kama wanasoma ubaoni.

Randa akaanza kukata selotepu kwa wembe, mmoja mmoja, bila haraka, asiguse ngozi. Miguu ikatoka, ikapapasa maranda. Wa chini kabisa hawakutoa kitu. Aliwaweka upande mmoja na kuendelea na wengine.

Askari walipofika walichukua kobe wote, wazima na wafu, na masanduku. Wakamtaka na Baba Mdogo aende akaandikishe maelezo, na hawakumwambia atarudi lini.

"Funga karakana," akamwambia Randa akipanda gari. "Yule atarudi na wenzake."

"Sifungi."

"Randa."

"Nikifunga atajua tunamwogopa, na atajua wapi pa kutupiga. Mlango aliouagiza mwalimu bado haujaisha, Baba Mdogo. Nenda ukawaambie yote."

Baba Mdogo akamrushia funguo kupitia dirishani.

Randa akautoa mlango wa mwalimu nje kabisa, akaulaza juu ya benchi mbili mahali ambapo barabara nzima inaona, akashika randa. Mama Chai akavuka na kigoda chake, akaketi karibu, akasema ng'ambo kule jua limemzidi. Jua lilikuwa huku.

Muda si mrefu pikapu nyeupe ikapita polepole, vioo vimepandishwa. Randa hakuinua kichwa mpaka ubao ulipolala sawa. Ndipo akainua, akaitazama, akaendelea kuitazama mpaka ikapinda kona.