Kiduha Altareni

Jicho la mkulima halifumbi hata kwenye sala. Misa ya Goba ikiwa inaelekea mwisho, Felicitas aliona maua madogo mekundu kwenye chombo mbele ya altare, na sala yote ikamtoka. Kiduha! Gugu linalonyonya mizizi ya mahindi chini kwa chini, mvua inanyesha na mahindi yanadumaa.

Aliyeyaleta alikaa ubavuni pake: Hope, mke wa mwanawe, mtoto wa mjini Kawe asiyejua shamba, aliyeolewa juzijuzi. Jana alipalilia shamba lao, na bidii anayo, tusimnyime haki yake. Magugu ya sangari na ndago aling'oa yote. Maua akayaacha, mengine akayachuma ya kanisani.

"Mama, yamependeza, eti?" alinong'ona.

Felicitas akayatazama tena maua. Mbegu za kiduha ni laini kama vumbi, na baada ya misa watoto hugawana maua ya altare wakapeleka kwao. Goba kila kiwanja kisichojengwa kina mahindi. Akinyamaza, gugu linasambaa. Akisema, anamuumbua mkwe mbele ya wamama ambao kwa midomo hawajambo.

Theonest, katibu wa kigango, akauliza kama kuna tangazo jingine. Felicitas alishasimama.

"Tumsifu Yesu Kristo!"

"Milele, amina."

"Mkwe wangu Hope kawaletea adui mumwone kwa macho. Hiki ni kiduha, kinamaliza mahindi. Kakagueni mashamba, ng'oeni, chomeni. Haya hapa asiguse mtu, tutayachoma sie."

"Kumbe! Kwangu yamejaa," akasema mama mmoja. "Mie nikadhani mahindi yanadumaa kwa mbolea feki!"

Theonest akajikuna kisogo. Kwake alikuwa anayamwagilia maji.

Hope akapigiwa makofi, uso kauinamisha. Misa ilipokwisha aliyafunga maua yote kwenye kitenge chake, akakaza fundo chembe isidondoke. Nyumbani, moto ulipowaka, machozi yalikuwa yanamlenga.

"Mama, mie sikujua. Umedanganya kanisani kwa ajili yangu."

"Uliyaleta, hukuyaleta?"

"Niliyaleta."

"Basi nimedanganya wapi?"

Hope akakitazama kitenge. Ndicho alichopewa na Felicitas siku ya harusi.

"Na mbegu zilizoingia humu, zikifuliwa zinatoka?"

"Hazitoki zote."

Hope akakitupa motoni, na fundo lake. Felicitas akamvuta, akamkumbatia kwa nguvu.

"Vitenge viko madukani, mwanangu. Chukua jembe, twende tukamalize kilichobaki shambani."