Choo cha Watu Hakikaliwi

Mara tatu niliwaambia pale kituo cha afya, na mara tatu wakanirudisha nyumbani. Mkojo unabaki, nilisema. Natoka chooni, kabla sijafunga zipu ya koti, nahisi bado. Wakapima, wakasema mkojo ni safi, punguza kahawa. Kahawa! Mimi Mrundi, kwetu kahawa tunalima, kunywa tunawaachia wazungu.

Kazi yangu ni kuhudumia wazee majumbani mwao hapa Jakobsberg, Sweden, nyumba tisa kwa zamu. Kila nyumba naomba choo mara mbili, nikifika na kabla ya kuondoka. Wiki iliyopita mzee mmoja alipiga simu ofisini kulalamika kwamba nashinda chooni kwake huku uji wake unapoa. Bosi akanionya: malalamiko mengine, na kazi sina.

Kwa hiyo mara ya nne nilikwenda nimewaka. Nilimwambia nesi, Christina, kwamba sitoki humo mpaka mtu anipime vizuri. Akanituma chooni, kisha akanilaza, akanipaka jeli ya baridi tumboni na kupitisha kifaa chake.

"Mkojo umebaki zaidi ya kikombe," alisema.

"Si nilisema?" Nilitaka kulia na kumpiga mtu, vyote pamoja.

"Ulisema. Ukiwa chooni unakaaje?"

Swali gani hilo? "Sikai. Nani anakalia choo cha watu?"

Ndivyo mama alivyonifundisha tulipofika Sweden, katika nyumba ya wakimbizi yenye choo kimoja kwa familia sita. Mtoto wa kike hakalii choo cha watu, ataokota magonjwa. Anainama juu juu bila kugusa, anamaliza, anatoka. Miaka ishirini na mbili nimeinama hivyo, mpaka nyumbani kwangu nimezoea.

Christina hakucheka. Ukining'inia hivyo, alisema, mapaja yanakaza, na misuli inayozuia mkojo nayo inakaza, haiachii wote. Akanirudisha chooni: kaa, miguu sakafuni, usisukume, pumua. Nilikaa. Ukatoka mwingine, taratibu, na alipopima tena ulibaki kidogo tu.

Hasira zangu zikakosa pa kwenda. Mama ni marehemu, nitagombana na kaburi?

Binti yangu Inès, ana miaka kumi na mitatu, alikuwa akinisubiri nje. Tulipofika stesheni ya treni akaingia chooni, akatoka, akatembea hatua kumi, akasimama.

"Vänta, mamma." Nisubiri. Akageuka kurudi.

"Na wewe unahisi bado?"

"Alltid," alijibu, akipandisha mabega. Siku zote, kama vile ni jambo la kawaida.

Nilimfuata, nikaupiga mlango kwa ngumi mpaka abiria wakageuka.

"Inès! Kikalie hicho choo! Kaa!"

Sauti yake ikatoka ndani kwa Kiswahili, yeye ambaye kwa Kiswahili hanijibu kamwe.

"Si wewe ulinikataza? Wewe mwenyewe, mama, ulinichapa!"