Breki za Kwenda Ludara

Baiskeli yangu ya mashindano ilikuwa imenizidi umri, lakini rimu zake ziling'aa kuliko za yeyote Arua. Kila Jumamosi nilizipaka mafuta ya simsim. Siku niliyokwenda Ludara kujitambulisha kwa Mzee Andama, mjomba aliyemlea Driciru, msichana niliyetaka kumwoa, mvua ilinyesha, nikakamata breki, baiskeli haikusimama. Nikampita mzee mbele ya boma lake nimekaa juu kama bwana mkubwa. Kwetu kijana hushuka mbali na kusukuma baiskeli hadi kwa wakwe. Mzee alisema hampi binti yake mtu anayesalimia akikimbia.

Nilirudi nikiwaka. Gaspard, fundi Mkongo wa sokoni Arua, alipitisha kidole kwenye rimu, akakinusa.

"Wewe ni mutu wa namna gani? Unapika rimu ao unapanda baiskeli?"

"Fanya kazi yako, fundi."

"Kazi ya kwanza iko kuosha jeuri yako."

Alisugua rimu kwa majivu na sabuni, akakaza waya. Raba za breki zilikuwa ngumu kama mfupa. Akazing'oa, akaweka vipande vya ngozi alivyokata kwenye mkanda wangu mwenyewe. Rimu ya chuma ikilowa, alisema, raba huteleza, ngozi hukamata. Niliondoka nimefunga suruali kwa kamba.

Ilikuwa 1979, vita vimekaribia, watu wanakimbilia Kongo, barabara ya Koboko imejaa magodoro vichwani. Mvua ilinikuta tena Ludara. Breki zililia, zikakamata. Nikashuka mbali, nikasukuma. Bomani alikuwapo mzee peke yake.

"Leo umeshuka," alisema.

"Nimeshuka, baba. Driciru yuko wapi?"

"Yeye na mama yake walivuka jana. Mimi magoti imekataa. Breki iko?"

"Iko."

Akapanda kwenye keria, akanishika kiuno. Mteremko wa kwenda kwenye kijito cha mpakani ulikuwa tope tupu. Niliminya breki njia nzima.

"Vuka na mimi," mzee alisema ukingoni.

"Mama yangu yuko Arua, baba. Hataki kuhama."

"Basi nimwambie nini Driciru?"

Niliinama, nikabandua tope kwenye breki.

"Nitamwambia baiskeli inasimama," akasema, akaingia majini na fimbo yake.

Nilingoja hadi nyasi za ng'ambo zikamfunika. Kurudi kulikuwa mlima mtupu. Nilisukuma, na keria ilikuwa nyepesi.