Zamu ya Nani

...na nani sasa yuko macho, maana huyu amelala, na huyu naye amelala, na yeye akipitiwa hata na lepe moja tu watakuwa watatu waliofumba macho kwa pamoja ndani ya chumba kimoja, jambo ambalo halijapata kutokea tangu mtoto huyu azaliwe, wala kabla yake, tangu yeye na mumewe walipong'oa nanga wakiwa maharusi wa juzijuzi, watu wakiwacheka, fungate gani hiyo ya kwenda kutapikia baharini, miaka miwili na ushei, yeye na mume na tanga, na sharti lao lilikuwa moja, mmoja akilala mwenzake yuko macho, basi... yeye amejilaza chali mchana huu, pazia limeshushwa, kulia kwake mume, kushoto kwake mtoto, wote wameshiba, wote wanapumua, na yeye anaitazama dari, na dari haiendi popote. Haiendi popote, na hilo ndilo linalomtisha, kitu kisichoyumba utajuaje kama ni kizima, mashua ilikuwa inasema, ikilia hivi ujue upepo umegeuka, ikipigapiga hivi ujue kamba imelegea, lakini nyumba hii ya mama mkwe imekaa kimya kama mtu aliyenuna, ila huko ukumbini tu, cherehani ya wifi yake, grrr, inasimama, grrr, na kila ikinguruma moyo unamruka, meli, kisha anakumbuka, si meli, ni magauni ya watu, tulia we mama, tulia.

"Wamelala?" hiyo ni sauti ya mama mkwe, anachambua maharage, yanadondoka kwenye sufuria tk, tk.

"Kaka amelala, humsikii anavyokoroma, anakata magogo? Mkewe sijui."

"Hajalala. Tangu wateremke hajalala huyo, namwona macho yake."

"Si ndiyo mwenda tezi na omo, mama, marejeo ngamani."

"Ngamani ipi?"

"Chumba changu cha kushonea!" na wote wawili wanacheka chinichini, na yeye huku ndani naye karibu acheke, maana ni kweli, kitanda hiki kimewekwa palipokuwa na cherehani, na sakafuni kila asubuhi anaokota pini, pini, mungu wangu, na Pweza sasa anatambaa, anaokota kila kitu anatia mdomoni, ndiyo maana wakamwita Pweza, akishika haachi, na ndiyo maana kamba bado ipo, kamba laini kutoka mkononi mwake mpaka kwenye kifundo cha mguu wa mtoto, wifi aliiona akasema jamani huyo si mbuzi, asijue kwamba kamba hiyo hiyo imemrudisha mtoto huyu nchi kavu akiwa na roho yake... na muuguzi jana kliniki, kamtoa mtoto kwenye mizani, kamtazama yeye, si mtoto, yeye, akasema mwanao amepungua, mama, maziwa yako yanakauka, na dawa yako haiuzwi dukani, nenda kalale. Nenda kalale! Kana kwamba usingizi ni duka la jirani, unachukua kikapu unakwenda. Asipolala maziwa yanakauka, akilala nani anamwangalia mtoto, sasa huo ni ushauri au ni mtego?

Huko baharini walikuwa wakikutana kitandani kwa joto tu, yeye anaingia mwenzake anatoka, anakuta godoro bado lina joto la mgongo wake, basi analala juu ya joto hilo kama kuku juu ya yai, lakini kwanza makabidhiano, anayetoka zamu anamgusa mwenzake kisigino, anasema yako, na aliyeguswa anajibu yangu, na kabla hujasikia yangu hufungi jicho, hata ufe kwa uchovu. Na leo baada ya kula mumewe kajinyoosha, yeye kamgusa kisigino kwa kidole cha mguu, yako, na mume macho yamefumba tayari, mm, nchi kavu hakuna zamu, mke wangu, lala, na hapo hapo gogo la kwanza likakatwa. Hakuna zamu! Yaani bahari ina mlinzi, nchi kavu yenye moto na wezi na pini haina? Angekuwa macho mumewe usiku ule wa meli asingesema hivyo, lakini alikuwa na homa, hajitambui, usukani umebaki kwa mkewe peke yake, na mvua, na Pweza kafungwa kifuani pake, na ndani ya giza akaona giza jingine, zito zaidi, ukuta, meli haina hata taa moja, akausukuma usukani kwa mikono na kwa mguu, na ule ukuta ukapita karibu kama kutoka hapa hadi kwenye pazia lile, na harufu ikamfikia, kitunguu, kuna mtu huko juu alikuwa anakaanga kitunguu, hana habari, hatajua maisha yake yote kwamba nusura aue watu watatu huku anageuza mwiko... grrr, si meli, tulia.

Pazia la mlangoni limecheza. Anafumba macho haraka kama mtoto aliyefumaniwa, anachungulia kwa kope, ni mama mkwe, kaacha ndala mlangoni, anakuja pekupeku, anainama juu ya Pweza, anaweka mgongo wa kiganja karibu na pua yake, anasubiri, pumzi imekuja, haya, anapitisha kidole kati ya kamba na mguu kuona kama inabana, haibani, anaiacha, hakuifungua, anaiona glasi ya maji iliyowekwa juu ya kitambaa kibichi isije ikateleza, kama bado wako mashuani, anatikisa kichwa, hakuigusa, anamtazama mwanawe, "gogo kweli," ananong'ona, kisha anakuja miguuni, anavuta shuka, anamfunika yeye, na mkono wake mkavu wenye vumbi la maharage unapita juu ya kisigino chake, unatulia kidogo, unaondoka. Na dirisha la juzi, alilolisahau wazi akalikuta limefungwa, na shuka la jana, alilidhani alijivutia mwenyewe... kumbe. Kumbe kuna mtu anazunguka. Yako, mama, midomo inasema bila sauti.

"Hodi hodi! Jamani gauni langu tayari?" mteja huyo, sauti kama tarumbeta.

"Shh! Punguza sauti, mwanangu, wamelala watu humu." Na kwa wifi, "Na wewe iache hiyo mashine, huo upindo umalizie kwa mkono."

"Mama, kazi yangu!"

"Kwa mkono, nimesema."

Cherehani imenyamaza, maharage yameanza tena tk, tk, polepole, dari iko pale pale, mume kulia, mtoto kushoto, na yeye katikati anawaza wamelala watu humu, yaani wote, na si kweli, mmoja bado, lakini itakuwa aibu gani, mama mkwe wa watu aonekane mwongo mbele ya mteja...