Daraja Lililoota Moto

Kila alfajiri, katika nchi ya Mtikisiko, binti mmoja aitwaye Haya alijitwika kapu la mikate na kuvuka daraja la mbao, kutoka mji wa Mahitaji hadi ng'ambo ya Neema, ambako wakulima walimpa unga naye akawapa mikate. Alikuwa na aibu mno, hata salamu aliitoa akitazama vidole vya miguu yake. Asubuhi ile, kama ilivyokuwa ada, aliacha mkate mmoja mikononi mwa kaka yake Radhi, mmoja wa walinzi wa daraja, kisha akapiga hatua aliyoizoea. Na mguu wake haukukuta ubao. Aliponea kwenye kamba ya daraja. Kapu likaenda na maji.

Hapo yafaa ielezwe desturi ya nchi ile. Mtikisiko iliishi kwa hofu, na hofu hiyo haikuwa ya bure, kwa kuwa wanyang'anyi wa milimani walikwisha kuchoma maghala yake. Kwa hiyo Sultani Ahirisha aliweka walinzi darajani chini ya Jemadari Taharuki, akawaahidi kuni za kujikinga na upepo mkali wa bondeni. Kuni hazikufika, maana msitu wote ulikuwa milki ya Waziri Kusanya, asiyetoa hata kijiti bila malipo. Ndipo ikatolewa amri kwamba, kila walinzi watakaporipoti hatari, waruhusiwe kung'oa ubao mmoja wa daraja na kuota moto.

Tangu siku ile hatari zilizaana. Mbuzi akikohoa, ni jeshi. Wingu likipita, ni dalili ya vita. Mapengo yaliongezeka, misafara ikageuza njia, ushuru ukakauka, na hazina tupu ikawa udhuru mpya wa kutonunua kuni. Raia nao walijifunza kuruka mapengo, wakamsifu kila aliyeruka vizuri.

Basi asubuhi ile ile aliyoponea kwenye kamba, Haya alishitakiwa kwa kuvunja daraja. Adhuhuri, mbele ya halaiki iliyofurika uwanja wa kasri, Jemadari Taharuki alisimama kwa majivuno.

"Mheshimiwa Kadhi, ama binti huyu ni mharibifu, ama adui ameung'oa ubao ule. Ikiwa ni adui, naomba idhini ya kuziondoa mbao zote zilizobaki, kwa usalama wa taifa."

"Mbona hakuruka?" mtu mmoja alidhihaki. "Miguu ya kuku ile!" Watu wakacheka.

Kadhi Suluhu, aliyependa kila kesi iishe kabla ya chakula, alimwinamia Haya kwa upole. "Binti yangu, mtaje adui, nenda zako nyumbani ukakande unga."

"Unga gani, Mheshimiwa?" Haya alijibu kwa sauti ndogo. "Unga uko ng'ambo."

Kicheko kikakatika. Radhi, aliyemshika mkono kama mlinzi wa mahabusu, alimnong'oneza, "Dada, sema ni wanyang'anyi. Neno moja tu. Ubao ule niliuchoma mimi usiku bila kuripoti hatari, nikaogopa hata kukuonya. Watanifunga."

Haya alilijua hilo tangu aliposhikwa mkono na kulinusa koti la kaka yake lililojaa moshi wa mbao za kale. Alikuwa amenyamaza kwa mapenzi. Lakini sasa aliona wazi kwamba neno analoombwa lingemwokoa kaka yake leo, na kesho lisingeacha hata kamba ya kumvukisha mtu kwenda kutafuta chakula. Akaukaza mkono wa Radhi, akainua uso, akamtazama Kadhi machoni.

"Nawaogopa wanyang'anyi, Mheshimiwa. Nawaogopa sana. Lakini hawajang'oa hata ubao mmoja. Ubao ule umechomwa na kaka yangu, kwa sababu alikuwa akitetemeka kwa baridi. Na alitetemeka kwa sababu kuni mlizomwahidi zimesimama kwenye msitu wa Waziri Kusanya."

"Nyamaza!" Jemadari alifoka.

"Nimenyamaza vya kutosha, baba. Daraja tunalivunja sisi wenyewe: ninyi mnaochoma, na sisi tunaoruka tukapigiana makofi. Wapeni walinzi kuni zao. Na kesho alfajiri nitang'oa mlango wa nyumba yangu, niulaze pale palipo wazi, nivuke. Anayetaka kuuchoma aje kuuchukua chini ya miguu yangu, mchana, watu wote wakimwona."